Usiuze mtamba kwa cheti cha kuhudhuria

(Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wetu wa Tarime na Serengeti. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kwa ajili ya ambao hawakufika.)

 

Mmezoea nikisimama naongelea katiba. Leo naomba tuongelee hela ya mzazi wako.

Mdogo wangu alipomaliza kidato cha nne aliona tangazo: kozi ya mitandao ya kompyuta, wiki chache tu, unatoka na CCNA. Baba akauza mtamba. Sihitaji kuwaeleza watu wa huku mtamba ni nini. Ni maziwa, ni ndama wa mwakani, ni ada ya mtoto anayefuata. Kijana akarudi na karatasi yenye muhuri. Nikaisoma mara mbili. Imeandikwa "amehudhuria mafunzo". Mtihani hakufanya. Routa hakuigusa, maana ilikuwa moja na mwalimu ndiye aliyeishika. Kituo sikitaji, kwa sababu shida yenyewe ni kubwa kuliko kituo kimoja.

Sasa tuelewane. CCNA ni cheti cha Cisco, kampuni ya Marekani. Hukipati kwa kukaa darasani, unakipata kwa kufaulu mtihani wao, namba 200-301. Ni dakika 120, na bei yake ni dola 300 kabla ya kodi, yaani zaidi ya laki saba zetu. Unafanyika kupitia Pearson VUE, na ukifaulu cheti kinadumu miaka 3. Na hili ndilo wengi hatuambiwi: hakuna sharti la kupita kozi yoyote kabla ya kuufanya. Ukiweza kujisomea chini ya mwembe ukafaulu, cheti ni kilekile.

Kwa hiyo kozi za kulipia zote ni upigaji? Hapana, tusiwe waonevu. Mwalimu mzuri anakuokolea miezi. Kushika swichi na routa kwa mkono wako, ukakosea, ukarekebisha, hiyo inalipika. Lakini kabla hujatoa shilingi, uliza maswali manne. Mwalimu mwenyewe ana cheti hicho na bado hakijaisha muda? Kila mwanafunzi anapata saa ngapi za kushika vifaa? Ada inajumuisha mtihani wa Cisco au ni cheti cha kituo tu? Chuo kimesajiliwa NACTVET, na namba yake ni ipi? Wakikuzungusha kwenye swali la tatu, chukua boda urudi nyumbani.

Na majibu uyapate kwa maandishi, pamoja na risiti. Hapa naongea kama mwanafunzi wa sheria. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema mkataba ambao mtu ameuingia kwa kudanganywa anaweza kuukataa. Ila ukiwa huna karatasi, unabaki na neno lako dhidi ya neno lao. Baba hakuwa na risiti. Tuliishia hapo.

Kuna njia ya bei nafuu ya kuanzia. Cisco wenyewe wana Networking Academy mtandaoni, na masomo ya utangulizi ni bure. Programu yao ya Packet Tracer nayo ni bure, inakuwezesha kujenga mtandao mzima ndani ya kompyuta bila kununua hata waya. Jipe miezi miwili. Ukiona kugawa anwani za IP kunakuchosha roho, umepoteza bando tu, ng'ombe bado yuko zizini. Ukiona unapenda, hapo sasa tafuta hela ya mtihani, na ya kozi ikibidi.

Najua mtu atasema, "Dada, laptop iko wapi?" Swali zuri, na ndiyo maana naliongelea kwenye kikao cha chama. Nyamongo kuna mgodi wa North Mara. Sheria ya Madini inamtaka mwenye mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vijana. Tarime, Serengeti, kote sheria ni hiyohiyo. Kwa nini mpango wa mgodi usiwe na chumba kimoja chenye kompyuta kumi na routa za kufanyia mazoezi? Kwa nini kikundi cha vijana wa Mugumu kisiombe mkopo wa kufunga mitandao kwenye hoteli na kambi zinazopokea watalii?

Msiniambie madiwani si wa kwetu. Diwani hata kama si wa chama chako, ni diwani wako. Andikeni barua, mpeleke kwa mtendaji, igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala. Wakikaa kimya, tutajua cha kusema jukwaani, na tutakisema tukiwa na karatasi mkononi.

Mdogo wangu ameanza upya, bure, kwa laptop ya kuazima usiku. Mtihani bado hajaufanya. Ila juzi baba alimuuliza routa inafanya kazi gani, akamweleza mpaka mzee akaelewa. Ile karatasi yenye muhuri haikuwahi kumfikisha hapo.