Mwekezaji akija, sisi tuko kambini

Maneno tuliyoyasema Bunia, mbele ya viongozi wa kambi za wakimbizi wa ndani waliotoka teritwari ya Djugu



Tumeombwa tuzungumze juu ya wawekezaji wa kigeni, yaani makampuni ya nchi nyingine yanayoleta fedha zao Kongo. Mama mmoja alituuliza juzi: habari hiyo inamhusu nini mtu anayelala chini ya bashi na kungoja mgao wa unga? Swali lake ni la haki. Jibu letu ni kwamba mashamba mengi mliyoyakimbia tangu Desemba 2017 yako karibu na dhahabu, na makubaliano juu ya dhahabu hayamngojei mtu arudi nyumbani.

Dhahabu ya Ituri ilijulikana kwa Wazungu tangu 1903. Tangu hapo mikataba imeandikwa Brussels, Kinshasa na Johannesburg, na sisi tumekuwa tukisikia habari zake sokoni. Wazee mnakumbuka Mongbwalu. Kati ya Juni 2002 na Septemba 2004, kwa hesabu ya shirika la Human Rights Watch, raia wasiopungua 2,000 waliuawa katika eneo lile, huku vikundi vyenye silaha vikinyang'anyana mji na machimbo yake. Kampuni ya AngloGold Ashanti, iliyokuwa na mkataba pamoja na OKIMO ya serikali, ilianza kazi ya utafiti pale wakati FNI ndiyo iliyoshika mji. Mwaka 2005 kampuni ilikiri kwamba Januari ya mwaka ule wafanyakazi wake waliwapa FNI dola 8,000. Ilisema walishurutishwa, na kwamba lilikuwa kosa.

Hatuwakumbushi ili tuamshe hasira. Tunataka mwone jinsi jambo linavyokwenda: mgeni akifika mahali ambapo wenyeji wamekimbia, atazungumza na yule aliyebaki. Na aliyebaki mara nyingi ana bunduki.

Hata hivyo hatusemi wageni wasije. Mwaka 2013 bei ya dhahabu iliposhuka, AngloGold ilisimamisha mradi wa Mongbwalu, na vijana waliokuwa wakingojea kazi waliambulia patupu. Kwa upande mwingine, dhahabu ya wachimbaji wa mikono huvuka kwenda Uganda kimyakimya, na njiani wenye vizuizi huchukua sehemu yao. Shule haijengwi kwa njia hiyo.

Tazameni jirani zetu wa Watsa, mkoa wa Haut-Uele. Mgodi wa Kibali ulitoa dhahabu ya kwanza Septemba 2013. Kabla ya hapo familia zaidi ya 4,000 zilihamishwa na kujengewa nyumba Kokiza. Manung'uniko hayakukosekana, lakini familia zile zilihesabiwa zikiwa ndani ya nyumba zao. Mtu alisimama mlangoni akasema: hii ni yangu, na ile miembe pia. Sasa wewe ambaye nyumba yako ya Djugu ilichomwa na majani yamefunika msingi, nani atasimama mlangoni pako siku ya kuhesabu?

Kwa sheria ya nchi yetu, ardhi na vilivyo chini yake ni mali ya serikali. Lakini mkulima ana haki ya kulipwa fidia kwa alichopoteza, na sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 imeongeza mengine. Dhahabu hulipiwa ushuru wa asilimia 3.5 ya thamani yake. Katika ushuru huo asilimia 15 ni ya sekta, chefferie au mji ambamo mgodi upo. Zaidi ya hayo kampuni hutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Dhahabu ya dola milioni 100 ikiuzwa, ni kama dola 525,000 kwa sekta na 300,000 kwa jamii. Si nyingi ukilinganisha na kinachoondoka, lakini zahanati hujengwa kwa kidogo kuliko hicho. Kuna pia daftari la masharti, cahier des charges, ambamo kampuni na wenyeji huandika ahadi. Wenyeji ni nani? Hapo ndipo penye ugomvi.

Na hapa tuungame kosa letu. Miaka iliyopita tulialikwa kwenye mkutano wa mradi mmoja. Tulipewa soda na karatasi ya mahudhurio, tukatia sahihi. Baadaye tuliiona karatasi ile ile imebandikwa nyuma ya ripoti, kama uthibitisho kwamba jamii imekubali. Sisi tuliosoma chuo kikuu! Tangu siku ile hatutii sahihi kwenye karatasi isiyo na kichwa cha habari, na tunawaomba nanyi msitie.

Ombi la pili ni gumu zaidi. Kila kambi iandike: kijiji, nyumba, shamba, miti, makaburi, na majina ya majirani wanaoweza kushuhudia. Tunasema majirani, na jirani huyo huenda ni wa kabila ambalo leo unaliogopa. Wahema wamehama, Walendu wamehama, na wengine pia. Orodha ya upande mmoja itapingwa na upande wa pili, na mwekezaji ataiweka kando zote mbili. Jirani akikubali kwamba mpaka ulikuwa kwenye mti ule, karatasi hiyo ina nguvu kuliko hotuba yetu.

Nakala moja ibaki kambini, moja apewe mkuu wa sekta au wa chefferie, moja tutaitunza sisi ofisini. Na mkisikia mkutano wa mradi umeitishwa kijijini, ombeni kwa maandishi ufanyike na hapa kambini. Barua tutasaidiana kuiandika.

Jumanne tutarudi na madaftari na kalamu. Tutaanza na wazee, maana wao ndio wanaoikumbuka mipaka.