Mtarudi Lini?

Somo letu ni Nehemia, mlango wa 2, mstari wa 11 hadi wa 18.

Sisi wa Kihoto twayajua maji. Mwaka 2020, na tena 2025, Ziwa Naivasha lilipanda likaingia majumbani mwetu. Tena twayajua maneno yasemwayo mkubwa anapokuja kutazama hasara.

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka Mai Mahiu kwa ghafula, yakachukua nyumba na watu zaidi ya 40. Kesho yake Rais William Ruto alifika. Wako waliosema, "Heri amekuja kutuona." Wengine wakasema, "Amekuja kupigwa picha." Japani nako ilikuwa hivyo. Tarehe 12 Machi 2011, siku moja baada ya tetemeko na mawimbi makubwa ya bahari, Waziri Mkuu Naoto Kan alikwenda kwa helikopta mpaka kituo cha nyuklia cha Fukushima kilichoharibika. Wengine walimsifu kwa ujasiri. Wengine walisema amewakawiza mafundi.

Nehemia naye alikwenda kutazama palipobomoka. Alitoka usiku, na watu wachache, pasipo kutangaza shauri lake. Lakini ziara yake haikupimwa kwa usiku ule. Ilipimwa kwa yaliyofuata: aliwaita watu, akashika kazi pamoja nao, na ukuta ukamalizika kwa siku 52.

Ndugu, si dhambi kuwauliza viongozi habari za ahadi zao. Lakini aulizaye na awe tayari kuulizwa. Sisi wa kanisa pia tulikwenda Mai Mahiu, na unga na mablanketi. Tuliomba, tukapiga picha. Tulipokuwa tukipanda gari, mama mmoja aliuliza, "Mtarudi lini, Mchungaji?" Tukamjibu, "Karibuni, mama." Miezi ikapita. Hatukurudi. Tulikuwa tumewalaumu wakubwa kwa kosa lililokuwa letu pia.

Juma hili tutakwenda kumtafuta mama yule, na kwanza tutamwomba radhi. Nawe, msikilizaji, jirani yako aliyehamishwa na maji, je, ulimtembelea mara ya pili?

Na tuombe. Ee Bwana, uliyekuja kwetu ukakaa nasi, utufundishe kurudi. Amina.