Pikipiki bila plaki: mwizi na ajali vinapanda kiti kimoja



Vijana wenzetu wa Kalemie, leo tunazungumza juu ya pikipiki isiyo na plaki. Ikigonga mama anayerudi na beseni yake ya ndagala, inakimbia, na hakuna anayejua ni ya nani. Usiku, pikipiki kama hiyo ikibeba watu wanaonyang'anya telefone, inakimbia vilevile. Ajali na wizi vinajificha mahali pamoja.

Ndiyo maana tunataka rulaje. Lakini rulaje ya kweli, si ile ya madesu ya bana. Ile tunaijua: asubuhi pikipiki inasimamishwa, mwenyewe anatoa franka, anaenda. Plaki bado haina, taa bado haina. Kimebadilika nini? Anayelipa ni yule anayetafutia watoto unga. Mwizi anapita usiku, bariere imelala.

Marekani, tangu 2009, polisi ya miji kadhaa inaweka ajali na uhalifu kwenye ramani moja, halafu inasimama pale vinapokutana, saa ileile vinapotokea. Lakini Nashville, uchunguzi wa 2018 ulionyesha kwamba kusimamisha magari mengi hakukupunguza uhalifu, na Weusi ndio walisimamishwa zaidi. Kusimamisha ovyo si usalama.

Sheria ya barabara tunayo tangu tarehe 30 Agosti 1978. Kifungu cha 182 cha Katiba kinaipa polisi kazi ya kulinda watu na mali yao. Kwa hiyo hatuombi zawadi. Tunadai:

1. Ajali na wizi viandikwe katika daftari moja, mahali na saa, na hesabu itangazwe kila mwezi.

2. Ukaguzi ufanyike hata usiku, pale daftari linapoonyesha, na askari awe na jina kifuani.

3. Faini ilipwe benki, kwa kitansi. Hakuna kitansi, hakuna franka.

Na sisi? Motari wengi ni sisi wenyewe, diploma iko nyumbani, kazi hakuna. Basi tuanze: plaki, taa, kaske. Kaske inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa karibu 42 kwa mia. Tusidai sheria kwa polisi huku sisi tunaikimbia.

Tumechoka kuzika wenzetu, kesho yake tunarudi barabarani kama hakuna kitu. Njia ni ya wote. Tuilinde wote.