Bidoni moja inajaa kwa muda gani?

Leo tunaongea juu ya pampu ya mkono.

Wewe unaijua foleni ya bidoni. Ikiwa ndefu sana, mtu anachoka kungoja, anakwenda kuteka maji ya mto au ya ziwa. Kambi za wavuvi za Nchelenge zimewahi kupatwa na kipindupindu, kwa hiyo foleni ndefu si jambo dogo.

Watu wanasema, "Maji yamepungua." Yamepungua kiasi gani? Ukileta hesabu kwenye kamati ya maji, neno lako litakuwa na uzito. Tuifanye pamoja.

Chukua bidoni ya lita 20 na simu au saa yenye sekunde. Mtu mzima mmoja apige pampu kwa mwendo wake wa kawaida. Maji yakianza kuingia, anza kuhesabu. Bidoni ikijaa, simamisha.

Sasa geuza muda wote uwe sekunde. Angalia hapa, wengi wanakosea: dakika 1 na sekunde 30 si 130. Dakika moja ina sekunde 60, ongeza 30, unapata 90.

Kisha chukua 1,200, ugawanye kwa sekunde zako. Kwa nini 1,200? Ni lita 20 mara sekunde 60. Jibu ni lita kwa dakika moja. Bidoni ikijaa kwa sekunde 120, pampu inatoa lita 10 kwa dakika. Ikijaa kwa sekunde 70, inatoa lita 17 hivi.

Shika hiyo 17. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani, vinahesabu watu 500 kwa pampu moja ya mkono inayotoa lita 17 kwa dakika, na angalau lita 15 kwa kila mtu kwa siku. Familia ya watu watano inahitaji lita 75, yaani karibu bidoni nne.

Turudi kwenye pampu ya lita 10. Kwa saa moja inatoa lita 600. Ikipigwa saa 8 bila kupumzika, ni lita 4,800. Gawanya kwa 15: inatosha watu 320. Kama pampu hiyo inategemewa na watu 500, watu 180 wamekosa fungu lao, au kila mmoja anapata chini ya lita 10. Sasa unaona foleni inatoka wapi.

Kipimo kimoja hakitoshi. Pima kila wiki, siku ileile, saa ileile, na mpigaji awe yuleyule. Andika kwenye daftari: tarehe, sekunde, lita kwa dakika. Wiki hii sekunde 70, baada ya mwezi 90, halafu 120: pampu inadhoofika, nanyi mmeona kabla haijakufa kabisa.

Andika pia inavyodhoofika. Ukipiga mara nyingi kabla maji hayajatoka, huenda raba za ndani zimechakaa au bomba linavuja. Maji yakianza vizuri, yakakatika, kisha yakarudi baada ya kupumzisha pampu, huenda kisima chenyewe kina maji machache, hasa mwisho wa kiangazi, mwezi wa tisa na wa kumi. Fundi akisikia hayo, atajua aje na vyombo gani.

Basi kesho asubuhi, ukiwa kwenye foleni, usikae bure. Hesabu sekunde, andika, na umfundishe mwenzako. Kwaherini, tuonane kipindi kijacho.