Utomvu wa Mnyaa si Dawa ya Ngozi
Hotuba ya afya kwa wakazi wa Kapkatet



Mnyaa, ambao wengine huuita mtupa mwitu, hupandwa kama uzio katika sehemu nyingi za Kenya. Ukivunjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na wapo wanaoupaka kwenye chunjua. Ni vyema kila mmoja ajue utomvu huo unaweza kufanya nini ndani ya ngozi.

Utomvu wa mnyaa una kemikali za jamii ya forboli. Kemikali za jamii hiyo zimo pia katika mafuta ya krotoni, mmea wa Asia. Mwaka wa 1941, mwanasayansi Isaac Berenblum alieleza jinsi mafuta ya krotoni yalivyozidisha uvimbe kwenye ngozi ya panya iliyokwisha kupakwa kemikali ya kuleta saratani.

Mkulima wa chai ataelewa haraka. Mbolea haipandi magugu, lakini yakishaota huyanenepesha. Forboli huwasha protini inayoipa seli amri ya kukua. Seli inayokua huhitaji nguvu na malighafi, kwa hiyo huvuta glukosi nyingi zaidi. Katika miaka ya 1920, Otto Warburg wa Ujerumani aliona kwamba seli za saratani hutumia glukosi nyingi na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki, hata penye oksijeni ya kutosha.

Hii haimaanishi kwamba sukari ya kwenye chai huleta saratani ya ngozi, wala kwamba kuguswa na utomvu mara moja ni hukumu. Katika panya, madhara yalitegemea kupakwa mara kwa mara, na kemikali iliposimamishwa mapema, baadhi ya uvimbe ulinywea. Kuacha mapema kuna faida.

Basi, usipake utomvu wa mnyaa kwenye chunjua wala kidonda. Unapokata uzio, vaa glavu na ukinge macho. Ukikugusa ngozi, osha kwa sabuni na maji. Ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi, kisha uende hospitalini mara moja, kwani unaweza kuharibu macho.

Kidonda kisichopona au alama ya ngozi inayobadilika ionyeshe kwa mhudumu wa afya katika kituo kilicho karibu nawe. Usingoje iume.