Laptopu Ikikataa Kuwaka, Hesabu Zisife Nayo

Mazungumzo ya wawakilishi wa kikundi kimoja cha akiba na mikopo mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya laptopu nzee inayokataa kuwaka. Labda mtu atauliza, mambo ya kompyuta yanatuhusu nini sisi watu wa kuku na mahindi? Yanatuhusu sana, kwa maana siku hizi hesabu za vikundi vingi zimo ndani ya mashine hizo. Mashine ikifa na hesabu, kikundi nacho chaweza kufa.

Hatukuja hapa kama mafundi. Tumekuja kama watu waliopata shida, wakahangaika, na mwisho wakatoka.

YALIYOTUPATA

Kikundi chetu kina wanachama 27, wengi wao akina mama. Kila wiki tunaweka akiba na kukopeshana, na kila Desemba tunagawana faida. Miaka kadhaa iliyopita rafiki mmoja wa kikundi alitupatia laptopu aliyokuwa ameitumia. Tulifurahi. Mweka hazina wetu akafundishwa Excel na kijana wake, akahamisha leja yote humo. Hapo ndipo tulipokosea: daftari tukaliweka kando. Tulisema, ya nini kuandika mara mbili?

Jumatatu moja, wiki mbili kabla ya kugawana, mweka hazina akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya. Hakuna taa, hakuna sauti ya feni.

Sasa sikilizeni vile maneno huanza. Siku ya kwanza watu walisema pole. Siku ya tatu mmoja akauliza, "Mbona ikufe wiki hii ya kugawana?" Kufikia Jumapili, mama wa watu alikuwa anapitwa njiani bila salamu. Mama huyu ametunza pesa zetu miaka tisa na hakuna shilingi iliyopotea. Tunasema haya mbele yake, kwa sababu yuko hapa leo, na tulikwisha kumwomba msamaha.

Fundi wa kwanza mjini aliitazama dakika chache tu. Hakuifungua. Akasema bodi kuu imekufa, na akataja bei inayokaribia ile ya laptopu nyingine ya mtumba. Tukarudi nayo nyumbani vichwa chini. Ndipo mwanachama wetu mmoja, mwalimu mstaafu, akasema, "Msimzike mtu kabla hamjashika mshipa wake. Wacha tuanze na stima."

Basi tulianza na stima, tukaenda hatua kwa hatua. Hizi ndizo hatua zenyewe.

HATUA YA KWANZA: STIMA INAFIKA?

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Simu ikikataa kuchaji, shida ni soketi au ekstensheni, wala laptopu haina kosa.

Kama soketi ni nzima, tazama chaja ya laptopu. Waya wake hukatikia ndani mara nyingi, hasa kwenye shingo: pale unapotoka kwenye tofali la chaja, au pale unapokaribia kuingia kwenye mashine. Kwa nje waweza kuonekana mzima kabisa. Chaja nyingi pia zina taa ndogo. Ikiwa taa inawaka, halafu inazimika mara tu unapochomeka kwenye laptopu, shuku shoti, na umwachie fundi.

Waya wetu ulikuwa umetafunwa na panya nyuma ya kabati. Kijana mmoja akakimbia kuleta chaja ya king'amuzi cha televisheni kwa sababu pini yake iliingia. Mwalimu akamzuia. Pini kuingia si kufaa. Soma karatasi iliyobandikwa chini ya laptopu na ile iliyo kwenye chaja. Yetu ilitaka volti 19 na ampea 3.42. Ile ya king'amuzi ilikuwa ya volti 12. Kanuni ni hii: volti ziwe zile zile, ampea ziwe sawa au zaidi, zisiwe pungufu, na alama ya kujumlisha na kutoa kwenye pini zilingane. Volti zikizidi, waweza kuiua mashine ambayo haikuwa imekufa.

Na tafadhali, tofali la chaja usilifungue. Ndani yake huingia stima ya nyumba, volti 240, na yaweza kukupiga hata baada ya kuchomoa.

HATUA YA PILI: BETRI

Chomoa chaja. Kama betri ya laptopu yako hutoka kwa nje, itoe. Sasa bonyeza kitufe cha kuwasha, ukishikilie kwa sekunde 30 hivi. Kazi ya kufanya hivyo ni kumaliza stima iliyobaki ndani, ambayo wakati mwingine huifanya mashine igande. Kisha rudisha chaja peke yake, bila betri, ujaribu. Kama betri imefungiwa ndani, chomoa chaja tu na ushikilie kitufe vivyo hivyo.

Ikiwaka bila betri, huenda betri ndiyo mgonjwa. Unaweza kuendelea kufanya kazi hivyo, lakini kumbuka stima ya mtaani ikipotea, mashine nayo huzimika papo hapo na kazi ambayo hujahifadhi inapotea.

Ukiona betri imevimba, au sehemu ya chini ya laptopu imeinuka, simama hapo. Usiichaji, usiitoboe, usiitupe motoni wala shimoni. Betri za aina hiyo zinaweza kuwaka moto. Iweke mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, uipeleke kwa watu wanaokusanya takataka za vifaa vya umeme.

HATUA YA TATU: TAA ZINAWAKA, KIOO NI CHEUSI

Tulipopata chaja ya kuazima yenye volti sawa, taa iliwaka na feni ikazunguka. Watu wakapiga makofi. Lakini kioo kilibaki cheusi.

Hapa kuna mambo matatu. La kwanza, zima taa ya chumba, umulike kioo kwa tochi ukiwa umeinamisha. Ukiona maandishi hafifu kama kivuli, kompyuta inafanya kazi, ila taa ya kioo ndiyo imekufa. La pili, iunganishe na televisheni au kioo kingine kwa waya wake. Picha ikitokea huko, hesabu zako unazo. Zinakili siku hiyo hiyo. La tatu, sikiliza. Mashine nyingine hulia pi-pi-pi. Hesabu milio na uiandike, kwa sababu kila kampuni ina maana zake, na fundi mzuri atakuuliza.

Yetu haikulia wala haikuonyesha kivuli. Tukaenda kwenye kadi za kumbukumbu, zile mafundi huziita ramu. Tulichomoa chaja, tukatoa betri, tukashika chuma kwanza ili umeme wa mwilini utoke. Kwa laptopu nyingi nzee kuna kifuniko kidogo chini, na ukikifungua kwa bisibisi yenye ncha ya nyota utaziona. Kila kadi imeshikwa na vibanio viwili pembeni. Vipanue polepole, kadi itainuka yenyewe.

Ndugu zangu, vumbi tulilolikuta humo lingetosha kupanda sukuma! Tulilitoa kwa brashi laini. Tukafuta meno ya dhahabu ya kadi kwa kitambaa safi kikavu, kisha kwa raba ya kufutia penseli, kwa upole, na tukapangusa mabaki ya raba. Tukarudisha kadi moja. Cheusi. Tukaitoa, tukaweka ile nyingine peke yake. Kioo kikawaka.

Kumbe bodi kuu haikuwa imekufa. Waya mmoja ulitafunwa na kadi moja ilikufa, basi. Mashine sasa inakwenda polepole na kadi moja, lakini inakwenda.

HATUA YA NNE: INAANDIKA MANENO HALAFU INASIMAMA

Hili halikutupata sisi, lakini lilipata majirani zetu. Kompyuta inawaka, inaandika kwa Kiingereza kwamba haioni diski, basi. Kwanza ondoa flashi yoyote iliyochomekwa, kwa sababu wakati mwingine mashine hujaribu kuanzia huko. Pili, zima, toa betri, ufungue pale diski inapokaa, uichomoe na kuirudisha vizuri.

Lakini ukisikia diski inagonga ndani, ta-ta-ta, acha kuiwasha. Kila ukijaribu tena waweza kuharibu zaidi yale yaliyobaki. Hiyo ni ya kumpelekea anayejua kuokoa hesabu, wala si ya kujaribu bahati.

MASHINE NI MOJA, HESABU NI NYINGINE

Hili ndilo tungependa mrudi nalo nyumbani. Laptopu ikifa, si lazima hesabu ziwe zimekufa. Hesabu hukaa kwenye diski, na kwa laptopu nyingi nzee diski inatoka. Inatiwa kwenye kasha dogo lenye waya wa USB, inachomekwa kwenye kompyuta nyingine kama flashi, na faili zinaonekana. Kwa hiyo hata kama bodi kuu ingekuwa imekufa kweli, leja yetu ingepatikana. Fundi yule wa kwanza hakutuambia hilo, na sisi hatukujua kuuliza.

Kuna tahadhari mbili. Mashine nyingine nyembamba zina kumbukumbu iliyochomelewa kwenye bodi, haitoki. Na nyingine, hasa za miaka ya karibuni, hufunga diski kwa ufunguo wa siri; bila ufunguo huo diski haisomeki hata ukiihamisha. Kama yenu imefungwa hivyo, ufunguo uandikwe na utunzwe na viongozi wawili.

Kama ni lazima kupeleka kwa fundi, muulize ameonaje na amepimaje kabla hajataja bei. Mwombe akurudishie kila kipande alichotoa. Na ikiwezekana diski ibaki na ninyi. Ndani yake mna majina ya wanachama, nambari za vitambulisho na za simu, na madeni ya watu. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na habari za watu si za kuachwa ovyo kwenye meza ya duka.

SAA ILIYORUDI NYUMA

Bado kidogo tu. Laptopu ilipowaka tulifungua leja, na kumbe mikopo yote ilionekana haijafika muda wa kulipwa! Mwanachama mmoja mwenye deni alianza kuimba. Mwalimu akatazama pembe ya kioo: tarehe ilisema tuko mwaka wa 2012.

Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, ya volti 3, nyingi zimeandikwa CR2032. Ndiyo huishikia mashine saa wakati haina stima. Ikichoka, saa hurudi nyuma. Leja yetu ilihesabu siku za mkopo kwa kufuata tarehe ya leo, basi ikadanganywa. Tulisahihisha tarehe, na madeni yakarudi mahali pake. Mwenye kuimba akanyamaza. Kwa hiyo laptopu nzee ikiwaka baada ya kulala muda mrefu, tazameni tarehe kabla ya kutazama pesa.

TULIYOKUBALIANA

Tulisoma hesabu zote mbele ya wanachama, mmoja mmoja akilinganisha na kadi yake ya akiba. Zililingana mpaka shilingi ya mwisho. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha mwenyekiti akasimama na kumwomba mweka hazina msamaha, nasi sote tukasimama.

Siku hiyo tuliweka masharti manne, na tunayafuata mpaka leo:

1. Daftari la mkono kwanza, kompyuta baadaye. Kila mkutano huandikwa kwa kalamu na kutiwa sahihi na watu watatu.

2. Baada ya kila mkutano leja inanakiliwa kwenye flashi mbili. Moja hukaa kwa katibu, nyingine kwa mwenyekiti, nyumba tofauti.

3. Kila mwisho wa mwezi tunachapisha karatasi moja ya hesabu, inabandikwa ukutani mahali pa mkutano.

4. Mashine ikiharibika, kamati nzima inaambiwa siku hiyo hiyo, na hakuna kumnong'ona mtu.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi mali yetu haikupotea. Kilichokaribia kupotea ni jina jema la mama mmoja, na hilo halinunuliwi dukani kama kadi ya kumbukumbu.

Tunawaomba jioni ya leo mkifika nyumbani, kabla hamjavua viatu, mmuulize mweka hazina wenu swali moja tu: mashine hii ikikataa kuwaka kesho, hesabu zetu ziko wapi pengine? Kama hana jibu, msimlaumu. Kaeni naye mtafute jibu pamoja.

 Mwenye swali tupo, na bisibisi tumekuja nayo.