Mandhari katika Riwaya ya Ulevi wa Vijana: Tukianzia Lac Vert

Kijana aliyelewa kanyanga, pombe kali ya kienyeji, akajilaza kwenye kishimo upande wa Lac Vert, magharibi mwa Goma, mashariki mwa Kongo, huenda asiamke hata kama pombe yenyewe isingemdhuru. Eneo hilo, pamoja na Mugunga na Bulengo, lina mazuku: kaboni dioksidi inayopenya kwenye miamba ya volkano, nzito kuliko hewa ya kawaida, ikatuama mabondeni usiku na alfajiri pasipo na upepo. Huua mbuzi na mbwa, na imekwisha kuua watoto, maana pua ya mtoto iko karibu na ardhi. Mwandishi asiyelijua hilo atamlaza mhusika wake popote. Anayelijua hana budi kuamua ni nani atakayemwamsha.

Katika mitihani, mandhari hujibiwa kwa mstari mmoja, mahali na wakati, kisha mwanafunzi anakimbilia maudhui. Kwa riwaya ya dawa za kulevya haraka hiyo haifai. Mahali ndipo panapoamua kijana atumie nini, fedha azitoe wapi na nani amwone.

Chukua bombé, dawa ya kulevya iliyoitikisa Kinshasa mwaka 2021. Vijana walichanganya dawa na unga uliosagwa kutoka kifaa cha kuchuja moshi wa magari. Vifaa hivyo vikaanza kuibwa, na Rais Félix Tshisekedi akaagiza msako. Riwaya ya bombé ni ya jiji la magari, yenye gereji, mafundi na wezi wa usiku. Ihamishie Lac Vert, kwenye bangi, kanyanga na mizigo ya chukudu, vyombo vya mbao vya kusukuma, nayo inapoteza nusu ya wahusika wake.

Mfano wa mbali unafundisha zaidi. Kitabu cha Christiane F., kilichotoka Ujerumani mwaka 1978, si riwaya bali ni maisha yaliyosimuliwa. Msichana anakulia Gropiusstadt, mtaa wa maghorofa wa Berlin Magharibi, na akiwa na miaka 13 anaingia kwenye heroini; kituo cha reli cha Zoo, anakojiuza ili kuipata, kiko mbali na macho ya mama yake. Umbali huo ndio unaobeba masimulizi.

Kambi ya wakimbizi ya Lac Vert haikuwa na umbali huo. Watu waliokimbia vita vya waasi wa M23 tangu 2022 waliishi humo kwenye maturubai yaliyobanana juu ya mawe ya lava, magumu hata kuchimbwa choo. Mtoto akikohoa, mama anasikia, na jirani pia. Siri inayoisukuma hadithi ya Berlin haina pa kujificha. Kinachobaki ni kigumu zaidi kukiandika: mama anajua, na hana la kumtishia mwanawe, kwa kuwa kufukuzwa nyumbani kumekwisha kuwapata wote wawili.

Assumpta Matei alizikaribia mada zote mbili, ukimbizi na dawa za kulevya, katika riwaya yake Chozi la Heri. Ridhaa anaishi ukimbizini Msitu wa Mamba. Dick, akiwa bado mdogo, analazimishwa kuuza dawa za kulevya. Lakini ukimbizi na dawa viko sehemu mbalimbali za kitabu. Kambini Goma vingekaa chini ya turubai moja, na msuko ungebanwa mno.

Wakati nao una neno. Mnamo tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliuteka mji wa Goma, na Februari wakimbizi wakaamriwa kuondoka, kambi zikavunjwa. Kijana aliyeanza kuvuta Aprili 2024 ana muuzaji anayemfahamu na marafiki wa kuvuta nao. Mwaka mmoja baadaye wote wametawanyika. Kama huko ni kuokolewa au kuachwa peke yake, hilo ni la mwandishi kuamua.

Kuhusu tiba, mwandishi wa Dar es Salaam anayo foleni ya methadoni, iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, na kila asubuhi inampa tukio. Lakini methadoni ni ya heroini. Haimsaidii mlevi wa kanyanga. Goma kuna Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili cha watawa wa Frères de la Charité. Mhusika wa Lac Vert akipelekwa huko, sura hiyo haina budi kusema nauli ya pikipiki imetoka wapi, na siku hiyo wadogo zake wamebaki na nani.